Meza ya Modeli: Datsun ya marehemu mzee, boneti iliyoyeyuka, na matatu ya 46

Karibuni tena mezani. Mwezi huu maswali yamekuja mengi kuliko nafasi, na nimeona karibu yote yanazunguka kitu kimoja, watu wako na modeli za magari zimezeeka ama zimeharibikia mikononi na wanataka kujua kama bado zinaokoleka. Nyingi zinaokoleka, hata zile mnaniambia mlikua karibu kutupa. Naanza na barua moja ndefu ambayo nimeisoma mara tatu, zingine tutaenda nazo kulingana na uzito.

SWALI: Fundi habari yako. Baba yetu alifariki mwaka jana, na tulipokua tunapanga vitu vyake hapa Buruburu nikapata boksi la viatu juu ya kabati, ndani kuna Datsun 240Z ya plastiki, nyekundu na boneti nyeusi, aliiunda yeye mwenyewe akiwa kijana kabla mimi nizaliwe. Mzee alikua anapenda Safari Rally sana, kila Pasaka lazima angetuambia vile 1973 alisimama kando ya barabara kwa matope akaona dereva Shekhar Mehta akipita. Sasa hiyo gari iko hali mbaya. Ilipakwa na brashi na mistari inaonekana, kuna alama ya gundi kwa mlango, kioo cha nyuma hakipo, tairi mbili zimeshikana na rimu kama zimeyeyuka na gurudumu moja la mbele limevunjika pale linaposhikiliwa. Stika nazo zimekua za njano. Nataka iwe kama mpya niiweke sebuleni. Naweza toa rangi yote nipulize upya? Nianzie wapi? — Kifungua mimba, Buruburu

JIBU: Pole sana ndugu yangu kwa kuondokewa na mzee, na asante kwa kuniletea jambo la nyumbani kabisa.

Kabla ya chochote, hiyo rangi usiiguse. Nisikize kwanza. Kwa hiyo gari naona vitu viwili tofauti ambavyo wewe umeviweka pamoja. Kuna kile miaka imefanya, yaani tairi kula rimu, gundi kuzeeka ikaachilia, stika kugeuka njano, vumbi kuingia kila kona. Alafu kuna kile mkono wa baba yako ulifanya, hiyo mistari ya brashi na hiyo gundi iliyomponyoka kwa mlango. Ukitoa rangi yote utabaki na Datsun safi ambayo mtu yeyote angeweza kuunda, na ile ya mzee itakua imeenda na maji ya sinki na hakuna fundi hapa Nairobi wala Japani atakurudishia. Mimi ningerekebisha ya miaka na niache ya mkono vile ilivyo.

Na kama roho inataka 240Z inayong'aa, Hasegawa wa Japani wametoa seti, yaani boksi la vipande vya kuunda, ya ile iliyoshinda Safari ya 1971, skeli ya 1/24 (ndogo mara 24 kuliko gari halisi), nyekundu na boneti nyeusi na namba 11, ile waliyoshinda nayo Edgar Herrmann na Hans Schüller. Tafuta hiyo, uiunde wewe na mkono wako, alafu uziweke mbili pamoja sebuleni. Kwa njia, kama mzee alikua barabarani 1973 basi aliona mwaka mkubwa, ndio mwaka mashindano ya dunia ya rally yalianza na Safari ikiwa ndani, na Mehta alishinda akiwa amelingana pointi na Harry Källström ambaye pia alikua kwa Datsun. Hiyo hadithi iandike mahali, iwekwe na gari.

Sasa kazi yenyewe. Piga picha kila upande kwanza, hata chini. Ukiigeuza angalia chesisi, mara nyingi kuna jina la kampuni na mwaka. Huo mwaka usikuchanganye, ni mwaka moldi, ile chuma plastiki humiminwa ndani ipate umbo, ilichongwa, na moldi moja inaweza kutumika miaka thelathini, kwa hivyo seti yenyewe inaweza kua ilinunuliwa baadaye sana. Alafu ioshe na maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, brashi laini ya rangi za maji, ukizunguka stika bila kuzisugua. Maji vuguvugu nimesema, sio moto. Plastiki ya hizi modeli inaitwa polistireni na ikikaribia nyuzi 100 inalainika, nimeshaona paa limepinda kwa sababu mtu alimwagia maji ya chai.

Hizo tairi hazijayeyushwa na joto, watu wengi hufikiri hivyo. Tairi za modeli za zamani ni vinili, na vinili ili iwe laini huchanganywa na mafuta fulani ya kulainisha, hayo mafuta yanatoka polepole miaka na miaka yakigusa polistireni yanaila. Gari ikikaa kwa boksi bila kuguswa ndio hushikana kabisa, na ikiwa tairi ilikua inagusa kioo utakuta kioo kimechimbika. Ingiza kijiti cha meno kati ya tairi na rimu, zunguka taratibu, ukipata nafasi endelea kuzunguka usivute. Ikitoka utaona rimu imekua na uso kama ngozi ya chura. Piga msasa wa maji namba 600 mpaka ilale, upake rangi ya fedha, na ndani pale tairi inakaa zungusha kipande chembamba cha foili ya jikoni ndio tairi isiguse plastiki tena. Hiyo foili ndio itafanya usirudie kazi hii.

Gurudumu lililovunjika usiligundishe tu hivyo, uzito wote uko hapo na litavunjika tena wiki ijayo. Toboa tundu dogo pande zote mbili, nyoosha klipu ya karatasi, kata kipande cha milimita sita hivi, ingiza tatu huku tatu huku alafu gundi. Mafundi wa mifupa hufanya vivyo hivyo na chuma.

Kioo cha nyuma, nenda saiba yoyote ya kubaindi vitabu uombe ile karatasi ngumu inayoona ya juu. Kata kielelezo kwanza na karatasi ya kawaida mpaka ikae sawa kwa nafasi, ndio uhamishe kwa plastiki. Kioo cha nyuma cha 240Z kina mzingo kidogo lakini hiyo karatasi inajikunja yenyewe ukiibana pembeni. Shikisha na gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani na ukikosea unaiosha na maji.

Stika ziache. Kuna ile mbinu ya kubandika stika dirishani jua lizitoe unjano, inafanya kazi vizuri lakini ni ya zile ziko bado kwa karatasi yake. Zikishakua kwa gari, jua litachukua na rangi ya mzee pia.

Na kama baada ya haya yote bado umeamua kutoa rangi, gari ni yenu na sitakukasirikia. Nenda Kirinyaga Road ununue breki fluidi ya DOT 3 ama DOT 4, sio DOT 5 hiyo ni silikoni na haitoi kitu. Toa vioo kwanza, jaribu mahali pa chini pasipoonekana, kama plastiki haijalalamika tumbukiza bodi kwa chombo chenye mfuniko siku moja mpaka tatu, uipige na mswaki wa zamani. Vaa glovu na miwani, na usimwage kwa sinki ukimaliza, rudisha kwa chupa uitumie tena. Ikiwa viungo vimeshikana na unataka kuvitenganisha weka gari kwa friza masaa kadhaa, gundi ya zamani ikipoa sana inakua kama biskuti na mara nyingi unaiachanisha bila kuvunja plastiki.

SWALI: Niaje fundi, nilikua natoa alama ya kidole kwa boneti ya modeli yangu ya Nissan Skyline nikatumia thina ya hardware, ile ya kawaida, boneti imekua kama uji na alama ya kitambaa imeingia ndani. Nilitumia miezi miwili kwa hiyo gari. Imeisha? — Umoja

JIBU: Haijaisha, lakini acha kuigusa. Kila mtu mwenye meza ya modeli anajua hiyo hisia ya tumbo kuanguka, pole kabisa.

Thina ya kawaida, asetoni, petroli, vyote vinayeyusha polistireni. Gundi yenyewe ya modeli inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, haishiki kama gamu, inayeyusha pande mbili kidogo zinaungana zinakua kitu kimoja. Kwa hivyo boneti yako imefanya kile plastiki hufanya ikikutana na thina. Iache wiki nzima. Sio siku mbili, wiki, kwa sababu juu itakauka na ndani bado ni laini na ukipiga msasa mapema itavutika kama ugali mbichi. Ikishakua ngumu kabisa chukua msasa wa maji namba 400 uliofungwa kwa kipande cha mbao iliyonyooka, uilete chini, alafu 600, alafu 1000.

Mashimo yatakayobaki jaza na dawa ambayo unayo tayari. Chukua zile fremu za plastiki sehemu zilikua zimeshikilia, katakata vipande vidogo sana, weka kwa kichupa na gundi nyembamba ya modeli, acha usiku mmoja. Utapata uji mzito wa plastiki ya rangi ile ile, ukijaza nao haukauki kama fila, ile dawa ya dukani ya kuziba mashimo, juu ya plastiki, unakua plastiki. Haupasuki na haunywei rangi tofauti. Pia nao upe siku kadhaa kabla ya msasa.

Kusafisha alama za vidole tumia maji na sabuni, na kama rangi ni enameli iliyokauka vizuri tapentaini kidogo kwa pamba ya masikio. Thina iende kwa stoo.

SWALI: Fundi, vioo vya modeli yangu vimekua na ukungu mweupe kwa ndani na nilikua nimefunga kila kitu. Sijagusa na rangi hata. — Msomaji, Kasarani

JIBU: Ulitumia supaglu. Mvuke wake ukifungiwa ndani unatafuta unyevu na kushika kwa kioo kama ukungu, na alama ya vidole ndio unapenda zaidi. Kama unaweza kutoa vioo, visugue na dawa ya meno nyeupe na pamba, duara ndogo ndogo, uvumilivu tu. Kama haviwezi kutoka ingiza pamba ya masikio kupitia chini ufanye unavyoweza. Siku nyingine vioo ni gundi nyeupe pekee, na kama lazima utumie supaglu ndani ya gari acha wazi usiku mzima kabla ufunge bodi.

SWALI: Heshima yako fundi. Mimi ni dereva wa matatu, ruti ya 46, na nikiwa stejini kusubiri abiria huwa naangalia picha za modeli kwa simu. Nataka kuunda gari yangu mwenyewe, hii Hiace ninayoendesha, na michoro yake na stika zake zote kama ilivyo. Sijawahi kuunda modeli. Je, iko seti ya Hiace au nianze na kuchonga mbao? Na michoro nitaifanya aje kwa kitu kidogo hivyo? — Dereva, Kawangware

JIBU: Ndugu dereva, barua yako imenifurahisha kuliko zote, nimeanza kufikiria hii matatu hata kabla sijamaliza kusoma.

Seti iko. Aoshima wa Japani wanatengeneza Hiace ya mfululizo wa 200 kwa skeli ya 1/24, na kwa sababu Wajapani wanaendesha upande ule wetu, usukani utakua kulia bila kubadilisha kitu, raha tupu. Hiace ya urefu wa kawaida ni mita 4.695, ukigawa kwa 24 unapata karibu sentimita 19 na nusu, inakaa vizuri juu ya dashibodi lakini usiiweke huko, jua la mchana nyuma ya kioo litaipinda.

Wewe una kitu ambacho waunda modeli wengine duniani wangelipia pesa, gari yenyewe iko mbele yako kila siku. Chukua tepu ya kupimia na kijitabu. Kila kitu unachotaka kuonyesha pima kwa milimita, gawa kwa 24, andika. Rimu ya inchi 15 inakua karibu milimita 16, mtu wa urefu wa sentimita 170 anakua sentimita saba. Pima mstari wa njano, pima urefu wa kiti, pima ile chuma kondakta hushikilia akisimama mlangoni. Piga picha ukiwa umesimama sawa na ubavu, sio kwa pembe, ndio michoro isipinde.

Kuhusu mstari wa njano kuna jambo ambalo naona watu wanakosea. Sheria za Michuki, zile za matatu zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilianza kushika 2004, ndio zikaleta mstari, mikanda na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Hiace ya mfululizo wa 200 nayo ilitoka Japani mwaka huo huo wa 2004. Kwa hivyo matatu yoyote ya umbo hilo lazima iwe na mstari. Ukiona mtu ameunda umbo hilo bila mstari akisema ni matatu ya miaka ya tisini, mwambie pole pole hiyo gari ilikua haijazaliwa.

Ndani ndio kazi kubwa. Seti inakuja kama gari la familia, viti vichache, na wewe unataka viti vya abiria 14. Hivyo utajitengenezea. Plastiki bapa ya kuagiza ni ghali lakini angalia vikombe vya maziwa lala na yogati, geuza kikombe utafute pembetatu yenye namba. Ikiwa 6 hiyo ni polistireni, ndugu ya modeli yako, gundi ya modeli itaishika vizuri. Ikiwa 5 achana nayo, gundi haitashika hata ukiomba. Kata kiti kimoja vizuri kabisa mpaka uridhike, alafu ukitumie kama kielelezo cha vingine vyote. Usikate vyote kwa macho, utaona utofauti ukivipanga mstari.

Michoro sasa. Usijaribu kuchora na brashi, utaumia bure. Unapiga picha za ubavu, unazinyoosha kwa kompyuta, unazipunguza mpaka kipimo cha 1/24, alafu unachapisha kwa karatasi ya dekali, zile stika za maji. Hiyo karatasi utaagiza, iko ya wazi na iko nyeupe. Printa za kawaida hazina wino mweupe, kwa hivyo kama mchoro una nyeupe ndani na matatu yako ni ya rangi iliyoiva, chapisha kwa karatasi nyeupe ukate karibu karibu na mstari. Ukitumia printa ya wino wa maji lazima upulize vanishi ya wazi juu, mara tatu nne nyembamba, kabla itiwe majini, la sivyo michoro yote itaogelea mbele ya macho yako. Ya leza haina shida hiyo. Bodi iwe inang'aa kabla ya kubandika, juu ya rangi isiyong'aa hewa inabaki chini ya stika na inaonekana kama fedha fedha. Maji vuguvugu sekunde 20 hivi, subiri iteleze yenyewe, isukume na brashi yenye maji mpaka mahali pake. Pale kwa bonde la mlango wa kuteleza, ambapo itakataa kulala, paka siki nyeupe kidogo na brashi, italainika ikae. Ziko dawa za kazi hiyo kama Micro Sol na ni bora kuliko siki, ukipata nunua.

Ukimaliza kila kitu usiiache safi kama imetoka bandarini. Gari ya 46 ina vumbi. Chukua vumbi halisi kutoka kwa magurudumu yako, lichunge na soksi nyembamba ya kina mama mpaka libaki kama poda ya mtoto, kwa sababu chembe ya kawaida ya mchanga ukiizidisha mara 24 ni jiwe la kuvunja kioo. Changanya na vanishi isiyong'aa, paka chini ya milango na nyuma ya magurudumu, kidogo tu. Ikiisha tafadhali nitumie picha mbili, moja ya modeli na moja ya gari yenyewe, zikiwa zimeegeshwa sawa.

SWALI: Nilipuliza rangi ya kopo nyeusi Aprili hii jioni baada ya mvua, ikakauka ikawa na ukungu wa kijivu kama imepakwa maziwa. Rangi ni mbovu? Nirudishe dukani? — Fundi mchanga, Zimmerman

JIBU: Rangi haina makosa. Thina iliyo kwa rangi inageuka mvuke haraka sana, ikifanya hivyo inapoza uso wa bodi, na hewa ya Aprili imejaa maji, hayo maji yanatua ndani ya rangi kabla ikauke. Nyeusi ndio inaonyesha zaidi. Subiri siku kavu ya jua, saa tano asubuhi hivi, pitisha koti moja nyembamba ya rangi ile ile ama vanishi ya wazi, mara nyingi ukungu unapotea kwa sababu koti mpya inafungua ile ya chini na unyevu unatoka. Ikikataa piga msasa 1500 na maji uanze koti upya.

Mwezi wa saba kukiwa na baridi, weka kopo kwa maji vuguvugu dakika tano kabla ya kupuliza, presha inapanda kidogo na matone yanakua madogo. Maji vuguvugu ya mkono, usiweke kopo kwa sufuria iliyo kwa moto hata siku moja, litalipuka.

Na kwa vile wengi mnaenda Kirinyaga Road kuchanganyiwa rangi za magari halisi, nasema hapa na nitasema kila mwaka, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuifanya rangi iwe ngumu, ile mafundi wanaita tuukei (2K), msiipulize nyumbani. Ina kemikali zinazoweza kukupa pumu ya maisha na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Rangi ya selulosi inatosha modeli, lakini weka praima kwanza na makoti mepesi ya kupitia tu, kwa sababu thina yake ni kali na kama mlivyosoma kwa ndugu wa Umoja, polistireni haina mchezo nayo.

SWALI: Shikamoo fundi. Kijana wangu ana miaka 11 na tangu tuende Naivasha kuangalia rally amekua akiunda magari na waya na soli za ndala, sasa ameona modeli za plastiki kwa duka anataka. Naogopa harufu ya gundi na hizo visu. Na hizo seti si rahisi, akiharibu ya kwanza itaniuma. Nifanye nini? — Mama, South B

JIBU: Marahaba mama. Kwanza hongera kwa kumpeleka Naivasha, tangu Safari irudi kwa mashindano ya dunia 2021 nimeona watoto wengi wakianzia hapo hapo. Na mtoto anayeunda gari ya waya ikapinda kona na usukani wake ameshavuka darasa la kwanza, sisi wengi wa meza hii tulianza na waya na mikebe ya Kimbo.

Usianze na hizo seti kubwa za gundi. Ziko seti za kubana, sehemu zinaingiana zenyewe bila gundi, na plastiki yake iko na rangi tayari. Ampe miezi michache na hizo. Kukata sehemu kutoka kwa fremu atumie kikata kucha, kinafanya kazi vizuri sana na hakina kisu. Alama ndogo inayobaki aisawazishe na faili ya kucha. Akitaka kupaka rangi mnunulie zile za maji, brashi mbili, na meza iwe karibu na dirisha lililo wazi. Gundi ya modeli mkifika huko awe na wewe karibu, dirisha wazi, na asifanye kazi kwa chumba anacholala. Kisu kikija muda ukifika mfundishe kukata akielekeza mbali na kidole, na mnunulie wembe mpya, wembe butu ndio unakata watu kwa sababu mtu anausukuma kwa nguvu.

Hiyo ya kwanza ataiharibu mama. Tairi itakaa upande, stika itakunjika, alama ya kidole itabaki kwa paa. Tafadhali usimrekebishie na usimruhusu aitupe akianza kuunda nzuri zaidi. Igeuze, chini ya chesisi aandike jina lake na tarehe na kalamu ya wino usiofutika, alafu mtafutieni boksi la viatu.